Kubadili video kwa ajili ya kuhariri na kwa ajili ya TV: mwongozo kamili wa ffmpeg

Malalamiko yanayorudi kila wiki ni matatu. La kwanza: video ya simu imeingizwa kwenye programu ya kuhariri, mwanzoni mdomo na sauti vinakwenda pamoja, lakini kufika dakika ya kumi msemaji ameshafunga mdomo na sauti yake bado inasikika. La pili: kompyuta inakwamakwama kila unapokata kipande. La tatu: kazi ya harusi imekamilika, flashi imechomekwa kwenye TV ya mteja, na TV inakataa kufungua faili au inatoa sauti bila picha.

Yote matatu yana tiba, na tiba ni moja kimsingi: jua kwanza faili lina nini ndani, kisha libadilishe kwa kiasi kinachohitajika tu. Wengi hufeli kwa sababu hurukia kubadili kabla ya kusoma.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

ffmpeg, toleo la 5.1 au jipya zaidi. Ni programu ya bure ya kubadili video na sauti kwa amri za kuandika, na huja pamoja na ffprobe, ya kusomea faili. Kwenye Windows 10 au 11, fungua dirisha la amri na uandike `winget install Gyan.FFmpeg`. Kwenye Ubuntu ni `sudo apt install ffmpeg`, na kwenye Mac yenye Homebrew ni `brew install ffmpeg`. Funga dirisha, lifungue tena, andika `ffmpeg -version`. Ukiona namba ya toleo, usakinishaji umekubali.

Faili asilia. Litoe kwenye simu kwa waya au kwenye memori kadi. Video iliyotumwa kwa WhatsApp kama video ya kawaida imeshapunguzwa ubora, na hakuna amri ya kuurudisha. Kama WhatsApp ndiyo njia pekee, itume kama dokumenti. Kikomo ni GB 2 kwa faili.

Nafasi kwenye diski. Hapa ndipo watu hushtuka. Faili la kuhariria la 1080p kwa fremu 25 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda video), katika kodeki, yaani njia ya kubana picha, iitwayo DNxHR SQ, hula takribani megabiti 120 kwa sekunde. Hiyo ni karibu MB 900 kwa dakika, GB 54 kwa saa. Kwa fremu 30 ongeza sehemu moja ya tano. Sherehe ya saa tatu itakudai zaidi ya GB 190.

Umeme wa uhakika. MP4 na MOV huandikiwa faharasa yake, yaani orodha ya mahali kila kipande kilipo ndani ya faili, mwishoni kabisa mwa kazi. Umeme ukikatika kwenye asilimia 98, faili lote halisomeki. Usianze kazi ndefu kwa kutegemea betri iliyobakiza robo.

## Jambo moja la kuelewa: gunia na nafaka

MP4, MKV, MOV na AVI ni makontena, yaani magunia. H.264, HEVC, DNxHR na ProRes ni kodeki za picha. AAC, PCM, AC3 na DTS ni za sauti. Hizo ndizo nafaka zilizomo.

Kubadili jina la faili kutoka `.mkv` kuwa `.mp4` ni kufuta maandishi ya nje ya gunia. Mchele hauwi unga kwa sababu umeandika "unga". TV isiyosoma kodeki iliyomo itakataa vilevile.

## Hatua ya 1: Soma faili

Weka faili kwenye folda moja, fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo, kisha:

```
ffprobe -hide_banner harusi.mp4
```

Tafuta mstari wenye neno `Video:`. Kwa simu za sasa utakutana na kitu kama `hevc (Main 10), yuv420p10le, 1920x1080, 29.87 fps`. Ziandike pembeni taarifa nne: kodeki (`hevc` au `h264`), mpangilio wa rangi (`10le` maana yake ni biti 10), ukubwa wa picha, na idadi ya fremu. Kwenye mstari wa `Audio:` andika kodeki ya sauti.

Namba kama 29.87 ni dalili ya ugonjwa wa kwanza. Simu hupunguza na kuongeza fremu kadiri mwanga unavyobadilika na kichakataji kinavyopata joto. Kwa uhakika zaidi:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf vfrdet -an -f null -
```

Amri hii haitengenezi faili. Mwishoni inatoa neno `VFR:` na namba. Ikiwa ni 0.000000, fremu ziko sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa zaidi ya hapo, zinapanda na kushuka.

Madhara yake yanahesabika. Chukua video ya dakika 10 yenye wastani wa fremu 29.5 kwa sekunde: ina fremu 17,700. Programu ya kuhariri ikidhani ni 30 kamili, itazimaliza kwa sekunde 590, wakati sauti inaendelea hadi 600. Sekunde 10 nzima za kuachana! Ndiyo maana kusogeza sauti kwa mkono hakusaidii: pengo linakua kila dakika, halikai mahali pamoja.

## Hatua ya 2: Chagua njia

Kama video tayari ni H.264 na unataka tu icheze kwenye TV au simu, nenda hatua ya 3. Usibadili kodeki bila sababu; kila ubanaji mpya hula ubora.

Kama utaihariri, na ni ya simu, ya kurekodi kioo cha kompyuta, au ni HEVC inayokwamisha mashine, nenda hatua ya 4.

Kama ni H.264 ya kamera yenye fremu zisizobadilika, na kompyuta yako inaichezesha bila kukwama, ihariri kama ilivyo. Ukimaliza nenda hatua ya 6.

## Hatua ya 3: Kubadili gunia tu

Mfano mzuri ni rekodi za OBS (programu ya kurekodi kioo cha kompyuta) katika MKV ambazo TV haizioni:

```
ffmpeg -i mkutano.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c copy -movflags +faststart mkutano.mp4
```

`-c copy` inahamisha picha na sauti bila kuzigusa. `-map` inachukua mkondo wa kwanza wa picha na wa kwanza wa sauti, na kuacha takataka nyingine zinazoweza kuikwamisha MP4. `+faststart` inahamishia faharasa mwanzoni mwa faili, ili video ianze kucheza mtandaoni kabla haijashuka yote.

Umefanikiwa ikiwa kazi imeisha kwa sekunde chache na faili jipya lina karibu ukubwa uleule. Ikichukua nusu saa, kagua: umesahau `-c copy`.

Picha ipo lakini sauti hakuna? Mara nyingi sauti ni DTS, ambayo TV za Samsung ziliacha kuisoma tangu matoleo ya 2018, au ni kodeki nyingine isiyojulikana na TV. Acha picha, badili sauti peke yake:

```
ffmpeg -i video.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -ac 2 video.mp4
```

Kama picha ni HEVC na itachezwa kwenye iPhone au Mac, ongeza `-tag:v hvc1` kabla ya jina la faili la mwisho. Bila alama hiyo vifaa vya Apple hukataa faili ambalo kwa kweli vinaweza kulisoma.

## Hatua ya 4: Kutengeneza faili la kuhariria

Hii ndiyo hatua inayotibu kuachana kwa sauti na kukwamakwama kwa pamoja:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -map 0:v:0 -map 0:a:0 -vf "fps=30,format=yuv422p" -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_sq -af aresample=async=1 -c:a pcm_s16le -ar 48000 harusi_edit.mov
```

Tuitazame kipande kwa kipande, kwa sababu ukiibandika bila kuielewa utakwama siku faili litakapokuwa tofauti.

`fps=30` inalazimisha fremu 30 kwa kila sekunde. Palipopungua inarudia fremu, palipozidi inaacha moja. Chagua namba iliyo karibu na ulichokisoma hatua ya 1: 29.87 inakwenda 30, 59.6 inakwenda 60. Kamera ikionyesha 29.97, andika `fps=30000/1001`, wala usiandike 30; tofauti hiyo ndogo ni sekunde 3.6 kwa saa moja.

Usishushe video ya 30 kuwa 25 hapa kwa sababu tu kamera kubwa ilikuwa 25. Utatupa fremu tano kila sekunde, na mtu anayetembea ataonekana anarukaruka. Dawa ya kweli ni siku ya kurekodi: kama simu inaruhusu 25, ichague. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na 25 inakubaliana nao vizuri zaidi. Taa za ukumbini huwa hazipepesi.

`dnxhr_sq` ni kodeki inayohifadhi kila fremu nzima. H.264 na HEVC za simu huhifadhi fremu moja kamili, kisha mabadiliko tu kwa fremu nyingi zinazofuata. Ukibofya katikati, kompyuta lazima irudi nyuma ikokotoe zote hadi pale ulipo. Huko ndiko kukwama kunakotoka. Mara nyingi kosa si RAM.

`format=yuv422p` ni mpangilio wa rangi ambao `dnxhr_sq` inaudai. Kwa chanzo cha biti 10, tumia `format=yuv422p10le` pamoja na `-profile:v dnxhr_hqx`, ila jiandae kwa faili kubwa zaidi.

`aresample=async=1` inaziba mianya ya sauti, kwa mfano pale simu ilipositasita sekunde moja. `pcm_s16le` ni sauti isiyobanwa, ambayo kila programu ya kuhariri huisoma.

Unayetumia Final Cut Pro, weka `format=yuv422p10le` na ubadilishe sehemu ya kodeki iwe `-c:v prores_ks -profile:v 2`, yaani ProRes 422.

Onyo: faili litakuwa kubwa mara kadhaa kuliko la mwanzo, lakini picha haitakuwa nzuri zaidi. Umelipia wepesi, hukununua ubora. Liweke kwenye SSD au diski ya ndani. Flashi ya USB 2 haitafua dafu. Kama nafasi ni finyu, tumia `dnxhr_lb`, takribani GB 16 kwa saa kwa fremu 25, uhariri nayo kama nakala nyepesi. Ukifanya hivyo, tengeneza pia nakala nzito ya vipande utakavyovitumia na uunganishe nayo kabla ya kutoa kazi ya mwisho, kwa sababu `dnxhr_lb` huonyesha mikwaruzo kwenye nguo zenye nakshi na kwenye moshi.

Umefanikiwa ikiwa `vfrdet` kwenye faili jipya inatoa 0.000000, na ukiruka hadi dakika ya mwisho mdomo na sauti bado viko pamoja. Usikague dakika ya kwanza. Dakika ya kwanza ilikuwa nzuri hata kabla.

### Kwa asiyetaka kuandika amri

HandBrake, programu ya kubadili video kwa kubofya, itatibu sauti, ingawa haitaondoa kukwama kwa kiasi hicho. Chagua `Fast 1080p30`, nenda `Video`, weka `Framerate` iwe 30, kisha uchague `Constant Framerate`. Weka RF (kipimo cha ubora) kati ya 16 na 18 kwa faili litakalohaririwa. Kosa la kawaida ni kuacha `Peak Framerate` iliyochaguliwa tayari: hiyo inaweka dari tu, fremu zinaendelea kupanda na kushuka chini yake.

## Hatua ya 5: Rangi zilizofifia za HDR

Ruka hatua hii isipokuwa ffprobe imeandika `bt2020` na `arib-std-b67` au `smpte2084`. Hizo ni rangi za HDR, zenye upana mkubwa wa mwanga kuliko wa TV ya kawaida, ambazo iPhone kuanzia 12 hurekodi zikiwashwa. Kwenye TV ya kawaida nyuso huonekana kama zimepakwa majivu.

Katika amri ya hatua ya 4, weka hii mahali pa `-vf` ya zamani:

```
-vf "zscale=t=linear:npl=100,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=hable:desat=0,zscale=t=bt709:m=bt709:r=tv,fps=30,format=yuv422p"
```

Ni kazi nzito, kompyuta ndogo itachukua muda mrefu. Jaribu sekunde 20 kwanza kwa kuongeza `-t 20` kabla ya jina la faili la mwisho. Nyuso zikirudi katika rangi yake na gauni jeupe bado lina mikunjo inayoonekana, endelea na faili zima. Mara ijayo zima HDR kwenye mipangilio ya kamera.

## Hatua ya 6: Faili la mteja

Toa kazi kutoka programu ya kuhariri katika DNxHR au ProRes. Hilo ndilo faili mama. Kisha:

```
ffmpeg -i harusi_mama.mov -c:v libx264 -preset slow -crf 19 -maxrate 8M -bufsize 16M -pix_fmt yuv420p -profile:v high -level 4.1 -c:a aac -b:a 192k -ac 2 -movflags +faststart harusi_tv.mp4
```

Kipande cha kulinda kuliko vyote ni `-pix_fmt yuv420p`. Faili mama lina rangi za 4:2:2 (ndiyo `yuv422p` ya hatua ya 4), na bila maelekezo libx264 huiga mpangilio wa chanzo. Matokeo ni H.264 halali ambayo VLC inaicheza vizuri na TV inaikataa. VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, husoma karibu kila kitu, kwa hiyo usiifanye shahidi wa TV.

`-crf 19` ni kipimo cha ubora. Namba ndogo, picha safi zaidi. Kila ukipunguza kwa 6, ukubwa wa faili huwa karibu mara mbili. Kati ya 18 na 21 ndipo pa kukaa.

`-level 4.1` inatosha 1080p hadi fremu 30. Kwa fremu 60 andika 4.2, na ujue TV za zamani zinaweza kukataa.

`-maxrate 8M` ina sababu mbili. TV za bei nafuu husoma USB polepole na hukwama panapokuwa na mirindimo na taa nyingi. Pili, inakupa hesabu: megabiti 8 kwa sekunde haizidi GB 3.6 kwa saa, na sauti inaongeza chini ya GB 0.1. Flashi nyingi huja na FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao haupokei faili moja lenye GB 4 na zaidi kidogo. Kwa hiyo saa moja inaingia bila wasiwasi.

Kazi ndefu zaidi igawe bila kuibana upya:

```
ffmpeg -i harusi_tv.mp4 -c copy -f segment -segment_time 3600 -reset_timestamps 1 harusi_%02d.mp4
```

Unaweza kuifomati flashi kuwa exFAT, lakini TV nyingi za zamani haziisomi. Kugawa ndiyo njia ya heshima kwa mteja usiyeijua TV yake.

## Hatua ya 7: Kagua kabla ya kukabidhi

```
ffmpeg -v error -i harusi_tv.mp4 -f null -
```

Amri hii inalisoma faili zima. Ikiisha kimya, bila mstari wowote, faili ni zima. Linganisha pia urefu wake na wa faili mama. Wasitofautiane kwa sekunde.

Kisha lichomeke kwenye TV halisi, ruka katikati, ruka mwishoni, rudi nyuma. Toa flashi kwa kufuata utaratibu wa kompyuta, usiinyofoe. Faili nyingi zinazosemekana "zimeharibiwa na TV" zilikatwa hapa.

## Mafaili mengi kwa pamoja

Kwenye dirisha la amri la Windows (cmd, si PowerShell):

```
for %f in (*.mp4) do ffmpeg -i "%f" -map 0:v:0 -map 0:a:0 -vf "fps=30,format=yuv422p" -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_sq -af aresample=async=1 -c:a pcm_s16le -ar 48000 "%~nf_edit.mov"
```

Jaribu faili moja kwanza. Kosa la namba moja likizidishwa kwa mafaili 80 ni usiku mzima uliopotea.

## Ujumbe wa makosa na maana yake

`moov atom not found`: faharasa haipo. Kamera ilizimika kabla ya kufunga faili. Kubadili fomati hakutasaidia. Usirekodi tena kwenye kadi hiyo. Tafuta programu ya untrunc, inayojenga faharasa upya kwa kuiga faili zima lililorekodiwa na kamera ileile kwa mipangilio ileile.

`height not divisible by 2` (au `width`): picha ina pikseli za idadi witiri, kawaida kwa rekodi za kioo. Ongeza `-vf "scale=trunc(iw/2)*2:trunc(ih/2)*2"`.

`No such file or directory` ilhali faili unaliona: jina lina nafasi. Liweke kwenye alama za nukuu.

Mistari kama meno ya kitana mtu anapojongea: ni video ya `.MTS` kutoka kamera za AVCHD za 50i, ambako kila fremu ni nusu mbili zilizochukuliwa kwa nyakati tofauti. Katika `-vf` anza na `bwdif=mode=send_field` na uandike `fps=50`, upate mwendo laini, au `bwdif=mode=send_frame` pamoja na `fps=25` kama kazi nzima ni ya 25. Fanya hivi kabla ya kupunguza ukubwa wa picha. Ukishaipunguza, mistari huchanganyika na picha na haitoki tena.